Shimo Kando ya Mto Sabaki

Safari tunayoisimulia wiki hii haikufika hata masafa ya kupunguza Sala. Tuliondoka Malindi baada ya Alfajiri, na jua lilipopanda kimo cha mkuki tulikuwa tumekwisha kulivuka daraja la Sabaki na kushika njia ya Mambrui. Mwenye haraka angekwenda kwa tuktuk na kurudi kabla chai haijapoa. Sisi ilituchukua siku nzima, kwa kuwa tulikwenda kutazama shimo ambalo, bila kujua, tulikuwa na fungu letu katika kulichimba.

Chanzo chake ni sakafu. Kamati ya madrasa yetu iliazimia kumwaga saruji katika vyumba viwili ambavyo watoto walikuwa wakitandika mikeka juu ya udongo. Waumini walichanga, akina mama wakatoa zaidi ya waume zao kama ilivyo ada, na fundi akatuandikia mahitaji yake: saruji, mchanga, na changarawe ya mtoni, malori manne kwa jumla. Tukatafuta bei. Muuzaji mmoja alitupa bei iliyokuwa chini ya wenzake wote, akaleta mzigo ndani ya siku mbili, nasi tukamwombea dua njema. Hakuna aliyemuuliza mchanga ule umetoka wapi. Sisi tunaowafundisha watoto kuuliza tonge imetoka wapi kabla ya kuitia kinywani, hatukuuliza.

Sakafu ilipokauka alikuja mama mmoja mjane kutoka ng'ambo ya mto, kumleta mwanawe kwa darasa la mwisho wa wiki. Alisimama uani kando ya fungu la changarawe lililosalia, akainama, akachota kiganja kimoja na kukigeuzageuza. Kisha akasema kwa upole, bila kuinua macho, "Maalim, changarawe hii ni ya shamba la wanangu. Lori lililoileta nalijua. Lilikuwa likipita dirishani kwangu nikiwa edani."

Tulimwahidi kwamba tutakwenda kuona kwa macho yetu. Ijumaa ilipopita tukamchukua kijana mmoja aliyekhitimu Kurani mikononi mwetu na ambaye leo ni mhandisi wa barabara, tukafunga safari.

Kijana alitaka tusimame darajani kwanza. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yakienda polepole kati ya visiwa vya mchanga. Mto huu una majina matatu. Huko juu, unakotoka katika nyanda za Ngong na Nairobi, huitwa Athi. Ukikutana na mto Tsavo huitwa Galana. Na ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Ni wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana, kiasi cha kilomita 390. Njiani hubeba udongo wa mashamba ya Ukambani, na uchafu wa jiji kubwa pia, ukaja kuvitua kwetu. Kila mtu wa Malindi ameiona bahari ikigeuka nyekundu wakati wa mvua, na wazee watakuonyesha mahali mawimbi yalipokuwa yakifika walipokuwa watoto, na leo ni mchanga mkavu.

Tulimuuliza mhandisi wetu swali ambalo bila shaka msomaji naye anajiuliza: mto unaoleta mchanga mwingi namna hii, utadhurika vipi na malori machache? Akacheka. Akatueleza kwamba sehemu kubwa ya kile kinachokimbilia baharini ni tope laini. Changarawe na mchanga mkubwa, ule ambao mafundi wanaupenda, mto huuangusha mapema, na ule uliolala chini ya mashamba ya bondeni uliwekwa hapo kidogo kidogo, gharika baada ya gharika, kwa miaka mingi kuliko umri wa miji yetu. Lori hujazwa kwa saa moja. Mto hauwezi kulipa deni kwa kasi hiyo.

Kijiji chenyewe hatutakitaja jina. Kiko upande wa kaskazini, nyuma ya minazi na miembe, mahali ambapo ardhi hushuka kwa upole kuelekea mtoni na kuwa uwanda mpana wa rutuba. Hapo ndipo watu hupanda mahindi, kunde, ndizi na mboga, kwa kuwa kila mto ukifurika huacha tope jipya lenye mbolea. Wenyeji hawayachukii mafuriko madogo. Yale makubwa ndiyo wanayoyahesabu kama watu wanavyohesabu misiba: mwaka 1961, mwaka 1997, na hivi karibuni masika ya 2024, mto ulipozihamisha familia nyingi za Malindi na Magarini.

Mama yule alitupokea pamoja na mama mkwe wake, bibi mkubwa mwenye macho hafifu lakini ulimi mkali, na watoto watatu, wavulana wawili na msichana. Tulikaribishwa kwa mahamri na mbaazi. Baada ya hapo bibi mkubwa akashika fimbo yake, akasema, "Haya, Maalim, njoo uone kaburi la shamba," akatangulia mbele.

Shimo tuliliona ghafla, kwa sababu njia hukufikisha ukingoni pake bila onyo lolote. Tulilipima kwa hatua: urefu 90, upana 60, na kina kiasi cha watu wawili waliosimama mmoja juu ya mabega ya mwenziwe. Kuta zake zilikuwa wima kama ukuta wa nyumba, na mahali fulani zilikuwa zimelika chini hata mizizi ya mwembe mmoja imebaki ikining'inia hewani. Chini palikuwa na dimbwi la maji ya kijani. Bibi mkubwa alituambia kwamba baada ya mafuriko ya 2024 mamba alibaki humo kwa siku kadhaa, na kwamba hata sasa anamkataza mjukuu wake wa kike kuteka maji hapo, ingawa ni karibu kuliko bomba. Mbu hawahitaji kutajwa.

Upande wa pili vijana sita walikuwa kazini na mabeleshi yao, wakipakia lori. Pembeni, chini ya kivuli cha makuti, wanawake wanne walikuwa wameketi na nyundo ndogo, wakiponda mawe kuwa kokoto, kila mmoja na fungu lake. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Tuliwatolea salamu, tukazungumza nao kidogo. Wanalipwa kwa ndoo. Fedha ile ndiyo inayonunua unga, na hakuna aliyetuficha kwamba shimo likifungwa kesho, kesho kutwa hawajui watakula nini. Tunalieleza hili ili msomaji aliyekaa kwenye sakafu nzuri asidhani kwamba hii ni hadithi ya watu wabaya na watu wema. Kijana mmoja mwenye beleshi tulimfundisha alif na be sisi wenyewe. Alipotuona aliinamisha kichwa, na sisi pia.

Kisha mhandisi akatupeleka kwenye ukuta wa mashariki, ule unaoelekea mtoni, na hapo ndipo tulipoelewa kwa nini alitaka kuja. Kati ya mdomo wa shimo na gema la mto palibaki ukanda mwembamba wa ardhi wenye nyasi na vishina vya mikindu iliyokatwa. Tuliuhesabu kwa hatua: 17. Upande mmoja tulisikia mto. Upande wa pili tulisikia mabeleshi.

"Sheikh, shimo hili ni la chini kuliko kitako cha mto," alisema. Akachukua kijiti akatuchorea mchangani. Tutajaribu kueleza kama alivyotueleza, kwa kuwa tunaamini mama yeyote aliyewahi kuona maji ya mvua yakikata njia uani mwake atalifahamu.

Mto ukifurika, maji hupanda juu ya gema na kutambaa uwandani. Pasipo na shimo, hutambaa taratibu, huacha tope, hurudi. Penye shimo, hufika mdomoni na kuanguka ndani kwa kishindo kama maji yamwagwayo kutoka juu ya dari. Pale yanapoangukia hukwangua, mguu wa ukuta huliwa, na ukuta huporomoka. Kwa hiyo mdomo wa shimo hurudi nyuma kuelekea mto, huku gema la mto nalo likiliwa kuelekea shimo, na ule ukanda ulio kati yao huliwa pande mbili kama mkate ulioshikwa na watoto wawili. Siku ukanda utakapokatika, mto wote utaingia shimoni, maana maji hayaoni sababu ya kupita juu ilhali chini pana njia. Utaiacha njia yake ya zamani na kuchukua mpya, katikati ya shamba.

Wala shari haiishii hapo. Mto ukishaanguka ndani ya shimo, kitako chake huanza kuchimbika kurudi juu, hatua kwa hatua, kuelekea ulikotoka, na chochote kilichosimama juu ya kitako hicho, iwe gema la jirani au nguzo ya daraja, hupoteza msingi. Upande wa chini nako, shimo hunasa mchanga wote, na maji yanayotoka huwa hayana mzigo. Maji yasiyo na mzigo yana njaa. Hula kingo za mashamba ya watu wengine kabisa, ambao hawakuuza hata ndoo moja. Mhandisi alitutajia mto mmoja wa Marekani, East Fork Lewis katika jimbo la Washington, ambao mwaka 1996 ulihama kwa gharika na kuingia katika mashimo ya changarawe yaliyochimbwa ubavuni mwake. Wale wana mitambo na fedha. Hapa tuna mabeleshi na nyundo.

Tukamuuliza: je, haliwezi kujengewa ukuta mrefu? Hili ndilo jambo la kwanza linalomjia kila mtu, na wenyeji walikuwa wamekwisha kuanza kurundika magunia ya mchanga juu ya ukanda ule. Jibu lake lilitushangaza. Alisema ukuta mrefu huongeza hatari, kwa kuwa mto ukishaushinda, maji huanguka kutoka juu zaidi. Alitaka kinyume chake: shimo liachiwe mlango wa chini, upande wa mkondo unakoelekea, mbali na pale mto unapolisukuma gema. Mlango huo uwe mpana, wa mteremko wa polepole, umefunikwa kwa mawe makubwa yenye pembe. Gharika ikija, maji huingia kwa nyuma, kimya kimya, na kulijaza shimo kabla mto haujapanda juu ya ukanda. Maji ya ndani na ya nje yakiwa sawasawa hakuna kuanguka, na pasipo kuanguka hakuna kukwangua. Tulimtazama bibi mkubwa. Akasema, "Ndivyo tunavyojaza mtungi kisimani. Ukiuzamisha kwa ubavu hauvunjiki."

Kuta nazo hazitakiwi kuwa wima. Kila futi moja ya kwenda chini ipewe futi tatu za kwenda nje, hata mtoto akitumbukia aweze kutoka kwa miguu yake. Mawe yakiwekwa, mguu wake uzikwe chini kuliko pale maji yanapoweza kuchimba. Mawe yaliyopangwa juu tu ni kama kofia, hayazuii kitu. Na chini ya mawe itangulie tabaka ya changarawe ndogo au kitambaa maalumu cha kuchuja, la sivyo maji hufyonza udongo katikati ya mawe na mawe yenyewe huzama. Wengine hutumia vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, ambavyo wahandisi huviita gabioni. Ni vizuri, lakini karibu na bahari waya hupata kutu, na kikapu kilichotoboka ni rundo la mawe tu.

Kisha mimea. Hapa bibi mkubwa alimkatiza kijana wa watu na kumfundisha yeye. Gema lile, alisema, lilikuwa limeshikwa na mikindu na matete tangu alipoolewa. Ukindu wa mikeka yote ya nyumba ile ulitoka hapo. Alifuma na kuuza, akawasomesha wanawe wawili kwa mikeka. Mikindu ilikatwa ili lori lipate njia. Mhandisi alikiri kwamba hakuna jiwe linaloshinda mzizi, akaongeza nyasi za vetiva, ambazo mizizi yake huweza kushuka mita 3 kwenda chini kama pazia, na mianzi kwa sehemu za juu. Lakini bibi mkubwa alikuwa amekwisha kushinda hoja.

Msomaji wa Mombasa huenda akaikumbuka bustani ya Haller kule Bamburi, ambapo machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji yaligeuzwa msitu baada ya René Haller kuanza kupanda mivinje mwaka 1971. Ni kazi ya kusifiwa, na tumewapeleka watoto wetu kuitazama. Lakini jangwa la mawe la Bamburi lilikaa mahali pake likamngoja mpandaji. Shimo la kando ya mto halimngoji mtu. Likiachwa bila kutengenezwa kwa masika moja, huenda masika yajayo lisiwepo shimo tena, pawe mto.

Sheria zipo. Mamlaka ya kitaifa ya mazingira, NEMA, ilitoa mwongozo wa uchimbaji wa mchanga mwaka 2007, nao unaweka kikomo cha futi 6 kwenda chini na kutaka ardhi irekebishwe. Kanuni za maji za mwaka huo huo ziliacha ukanda wa mto usioguswa, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande, kwa kadiri ya upana wa mto. Sabaki pale si mto wa mita 6. Kaunti ya Makueni, ambayo mto huu huu unapitia kandoni mwake, ilitunga sheria yake ya mchanga mwaka 2015 na kuiundia mamlaka. Tuliwauliza vijana wa mabeleshi kama wamewahi kumwona afisa yeyote. Walisema waliwahi kumwona mmoja, akiwa ndani ya gari.

Tulikaa chini ya mwembe uliobaki, na mawazo yetu yakarudi kwenye mkeka wa madrasa, miaka mingi iliyopita. Tulipokuwa tukisoma Minhaj ya Imamu Nawawi, Mwenyezi Mungu amrehemu, kitabu ambacho wanafunzi wa fiqhi ya Shafi katika pwani hii wamekisoma kizazi baada ya kizazi, mlango wa kuhuisha ardhi mfu tuliupita kwa haraka. Humo Imamu anaeleza harimu, yaani eneo linaloizunguka milki ambalo milki hiyo haitimii bila ya hilo. Kisima, kwa mfano, kina mahali pa kusimama mtekaji, pa birika, na pa mnyama wa kuvuta maji kuzunguka. Anapofika kwenye visima vya mifereji ya chini ya ardhi, hatoi dhiraa. Anasema harimu yake ni kadiri ambayo mtu akichimba ndani yake, maji yatapungua au itahofiwa kuporomoka. Tulilihifadhi hilo kwa ajili ya mtihani. Mwalimu wetu hakutupeleka kuona kisima, na sisi tukiwa walimu hatukumpeleka mtu. Mtu aliyeishi Sham na kufariki mwaka 676 wa Hijria (1277) alijua kwamba umbali wa kuchimba hupimwa kwa hofu ya kuporomoka, na sisi tulihitaji mchoro wa kijiti kulijua hilo.

Tunajua mwanafunzi mwenzetu atatupinga kwamba hukumu ile ni ya ardhi isiyo na mwenyewe, na shamba hili lina mwenyewe. Ni kweli. Na katika mlango huo huo Imamu anaeleza kwamba mtu katika milki yake hufanya kwa ada ilivyo, na akipindukia hudhamini alichoharibu. Hapo ndipo tulipotaka kufika, kwa sababu suala la pili la siku ile lilikuwa: mwenyewe ni nani?

Shamba lilikuwa la marehemu mume wa mama yule. Shimo alilianza yeye mwenyewe, dogo, mbali na mto, ili alipe deni la hospitali. Alipofariki, nduguye, ami wa watoto, aliendelea. Katika ile miezi minne na siku kumi ya eda, mjane akiwa ndani, shimo lilikua mara tatu likageukia upande wa mto ambako changarawe ni safi zaidi. Mirathi haikuwa imegawanywa.

Ami alikuja tulipomwita, na hatuna neno baya la kumsema. Ni yeye aliyemuuguza marehemu, na ada ya shule ya watoto hulipa yeye. Alijitetea kwa neno moja ambalo tunadhani analiamini kwa dhati: "Maalim, shamba sijaliuza. Ardhi ipo pale pale. Nimeuza mchanga tu."

Tulimwomba asimame nasi mdomoni mwa shimo na atuonyeshe ardhi iliyopo pale pale. Alinyamaza muda mrefu.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu angeifanya. Mjane mwenye watoto, thumuni. Mama wa marehemu, sudusi. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Ndugu wa marehemu hana kitu maadamu yupo mtoto wa kiume. Ugumu ulikuwa kwamba kinachogawanywa kilikuwa kinapungua kila lori likiondoka, na kwamba sehemu ya fungu la yatima wale imelala chini ya magoti ya wanafunzi wetu, imechanganywa na saruji, haiwezi kurudi. Wanaposujudu, wanasujudu juu yake.

Tuliafikiana mambo machache mbele ya imamu wa kijiji na wazee wawili. Upande wa mto usichimbwe tena, hata beleshi moja. Wachimbaji watatengeneza miteremko na mlango wa mawe upande wa chini, na kwa kazi hiyo watalipwa ujira. Wanawake wa nyundo nao watalipwa kuponda tabaka la chini ya mawe. Ami ataleta hesabu ya malori aliyoyauza tangu siku ya kifo, baada ya Ijumaa mbili. Na kamati yetu itawalipa warithi thamani ya malori yale manne kwa bei ya haki ya soko, si ile bei tuliyoifurahia. Kamati bado haijaketi. Tunajua yatakayosemwa: kwamba tulinunua kwa nia njema, kwamba muuzaji ndiye wa kuulizwa. Tumekwisha kuwaambia wenzetu kwamba sisi tutaanza kuchanga.

Kwa akina mama wa Malindi, Kilifi na Mombasa tuna jambo moja la kuongeza. Maji ya bomba mnayoyapata, sehemu kubwa hutoka Baricho, katika visima virefu vilivyochimbwa kando ya mto huu huu. Visima vile hunywa kutoka ndani ya mchanga, ambao huyapokea maji ya mto, huyachuja na kuyahifadhi hadi wakati wa kiangazi. Mchanga wa bonde la Sabaki ndio mtungi wenyewe. Kwa hiyo fundi akija na orodha yake nyumbani kwenu, mwulizeni swali ambalo sisi hatukuuliza, na mwombeni muuzaji awaonyeshe kibali na mahali alipochimba. Mara nyingi ni ninyi mnaoshika fedha za ujenzi.

Jua lilikuwa linakaribia Alasiri tulipoaga. Mhandisi alifunga kitambaa chekundu kwenye kishina cha mkindu kilicho karibu na gema na kingine kwenye mti wa mdomoni mwa shimo, akamwita yule mvulana mkubwa, mwanafunzi wetu. Mama yake alisema kwamba kabla ya masika ya 2024 mahali pale walikuwa wakihesabu hatua zaidi ya 40. Tulimwagiza mvulana ahesabu kila Ijumaa baada ya Sala, akitembea kama kawaida yake, aandike, na atuletee Jumamosi. Alikimbia ndani akarudi na daftari lake la madrasa, akalifungua ukurasa wa nyuma kabisa, akatembea kutoka kitambaa hadi kitambaa akihesabu kwa sauti. Hatua zake ni fupi kuliko zetu. Akaandika: 22.